Maswali ya Wasomaji: Kabla ya Kumwadhibu, Tazama Anachopata

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinahusu nidhamu shuleni, nyingine zikiwa zimeandikwa na walimu waliochoka na nyingine na wazazi walioitwa shuleni mara nyingi kuliko wanavyopenda kukiri. Tumechagua nne. Majina ya waandishi tumeyahifadhi, na barua zilizokuwa ndefu tumezifupisha bila kugusa kiini chake.

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule moja ya sekondari msingi ya umma huku Umoja. Darasa langu la Gredi ya 8 lina wanafunzi 63. Kuna kijana mmoja ambaye hamalizi dakika kumi bila kuvuruga: hugonga dawati, hurusha maneno ya Sheng yanayowavunja wenzake mbavu, na nikimkanya hunijibu. Nimemtoa nje, nimempeleka kwa naibu wa mwalimu mkuu, mzazi wake amekuja mara mbili, na hali ni ile ile. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba nikimtoa nje huondoka akitabasamu. Wenzangu katika chumba cha walimu wanasema serikali ilituharibia kazi ilipotunyang'anya kiboko. Je, tabia kama hii huzaliwa na mtoto au hufunzwa? Na mimi nifanye nini Jumatatu asubuhi?
Mwalimu, Umoja

JIBU: Mwalimu, swali lako la kwanza limewashughulisha wanasaikolojia kwa zaidi ya karne moja, na wengi wao leo hawaoni haja ya kuchagua upande. Mwaka wa 1936 Kurt Lewin, aliyekuwa amehamia Marekani kutoka Ujerumani, aliliweka jambo hili kwa ufupi: tabia hutokana na mtu mwenyewe pamoja na mazingira aliyomo, vyote viwili vikifanya kazi kwa wakati mmoja. Ni kweli kwamba watoto huzaliwa na hulka tofauti. Mama yeyote aliyelea zaidi ya mmoja atakueleza kuwa huyu alikuwa mtulivu tangu akinyonya, na yule alipiga mateke kabla hajajua kukaa. Nao utafiti unaolinganisha mapacha wanaofanana na wasiofanana umeonyesha mara nyingi kwamba urithi una mchango wake. Hata hivyo, hakuna mtoto aliyerithi kugonga dawati wakati wa somo la sehemu. Hulka humpa wepesi wa kuchoka, wepesi wa kukasirika au kiu ya kuonekana, na mazingira ndiyo yanayoamua kama kiu hiyo itatulizwa kwa utani darasani, kwa soka uwanjani au kwa kuigiza katika tamasha za drama.

Mazingira hayo nayo hayaishii kwenye kuta nne za darasa. Urie Bronfenbrenner, aliyeandika kuhusu makuzi ya mtoto mwaka wa 1979, aliyaona kama tabaka zinazozungukana: nyumbani, shuleni na mtaani kwanza, kisha jinsi mahali hapo panavyohusiana, kisha kazi za wazazi, na mwisho sera na desturi za nchi nzima. Kwetu Nairobi tabaka hizo si nadharia. Mama anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwenda Eneo la Viwandani na kurudi saa tatu usiku hajaamua kumtelekeza mwanawe. Zamu ya kiwanda na msongamano wa magari Barabara ya Jogoo ndivyo vilivyoamua atamwona kwa muda gani. Hata idadi ya wanafunzi wako, 63, hukuipanga wewe. Wala usidharau tumbo. Kaunti ilipoanzisha mpango wake wa chakula shuleni mwaka wa 2023, ambapo mtoto hulipa shilingi 5 kwa mlo, wengi waliuchukulia kuwa jambo la lishe na siasa tu, ilhali mwalimu anayefundisha kipindi cha mwisho kabla ya chakula cha mchana anajua kwamba ni jambo la nidhamu pia.

Sasa tuje kwa lile tabasamu, kwa kuwa nadhani ndilo lililobeba jibu lako. Mwanzoni mwa karne iliyopita mwanasaikolojia wa Marekani Edward Thorndike, na baada yake mwenzake B. F. Skinner, walionyesha kwamba tendo linalofuatwa na jambo la kuridhisha hurudiwa, na lisilozaa chochote hufifia. Wengi husoma hayo chuoni, wakayajibu kwenye mtihani na kuyasahau mlangoni mwa darasa. Kinachosahaulika zaidi ni kwamba anayeamua kama jambo linaridhisha ni mtoto mwenyewe. Wewe unaona kwamba umemwadhibu kijana kwa kumtoa nje. Yeye anaona kwamba amepata wasikilizaji 62 waliocheka, ameepuka maswali ambayo huenda hayawezi, na sasa amesimama kwenye varanda akipunga upepo na kuwachungulia wa Gredi ya 7. Kwa hesabu zake, hiyo ni faida tupu.

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi usianze kwa kutafuta adhabu nyingine. Chukua daftari dogo, ugawe kila ukurasa sehemu tatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Andika kwa wiki mbili, maneno machache tu, bila kumtukana. Utapata kitu kama hiki: «Jumanne, saa tano na robo. Nimegeuka kuandika ubaoni mfano wa pili. Amegonga dawati na kuiga sauti ya makanga. Darasa limecheka, nimemkaripia, tumepoteza dakika nne.» Baada ya maandishi kumi ya namna hiyo, mpangilio utajitokeza wenyewe. Pengine utaona kwamba fujo huanza kila unapowapa mgongo, au kwamba katika jometri, anayoiweza, hukaa kimya kipindi kizima. Kila mpangilio una tiba yake, na ndiyo maana sikuandikii tiba moja hapa nikiwa mbali na darasa lako.

Yapo hata hivyo mambo ambayo naweza kuyasema bila kuliona daftari. La kwanza linatokana na kazi ya Jacob Kounin, mtafiti wa Marekani aliyerekodi masomo kwa video na kuchapisha matokeo yake mwaka wa 1970. Alitarajia kugundua kwamba walimu wenye madarasa tulivu hukaripia kwa namna bora kuliko wengine. Hakuiona tofauti hiyo. Tofauti ilikuwa katika yale waliyoyafanya kabla ya fujo kuzuka: walijua kinachoendelea kila pembe ya chumba, na wanafunzi walijua kwamba wanajua, walitoka zoezi moja kwenda jingine bila kupoteza muda wakitafuta kitabu au chaki, walimudu mambo mawili kwa pamoja. Kwako wewe, maana yake ni kuandika mifano ubaoni au kwenye karatasi kubwa kabla ya kengele, kumwomba mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri aandike ubaoni wakati wewe unatembea kati ya madawati, na kuwa na swali moja jepesi linalowasubiri wanapoingia ili mikono ipate kazi mara moja. Madawati 63 yakibanana hadi usiweze kupita, panga upya safu ili upate angalau njia moja ya kufika nyuma, kwa sababu pembe usiyoifikia ndiyo itakayokuwa na mfalme wake.

La pili, mpe kijana huyo kile anachokitafuta, ila kwa bei nyingine. Ikiwa anataka kuonekana, mwite ubaoni kwa swali ambalo una hakika ataliweza, kisha umsifu kwa jambo mahususi: si «vizuri», bali «umepata kigawe kidogo cha shirika bila kusaidiwa». Ikiwa anakimbia hesabu asizoziweza, mpime faraghani uone alipoachia. Si ajabu ukakuta ni Gredi ya 5. Mtoto wa miaka 14 afadhali aitwe mtukutu kuliko kuitwa mjinga mbele ya wasichana, na hilo sisi watu wazima tungelielewa upesi tukikumbuka mikutano tunayokaa kimya kwa kuogopa kuaibika.

Nakutahadharisha kuhusu jambo moja ambalo huwavunja moyo walimu wengi. Ukiacha kumtoa nje, na darasa likiacha kucheka, fujo zake huenda zikaongezeka kwanza kabla ya kupungua. Mtu aliyezoea kufunguliwa mlango, siku usipofunguka hubisha kwa nguvu zaidi. Ukikubali kumtoa nje siku ya nne kwa kuwa umechoka, utakuwa umemfundisha kwamba akibisha vya kutosha hufunguliwa, na tabia inayotuzwa mara moja moja ndiyo ngumu kuliko zote kuing'oa. Ni heri usianze kuliko kuanza na kuachia katikati.

Kwa darasa kubwa kama lako upo pia mchezo uliojaribiwa katika jimbo la Kansas, Marekani, mwaka wa 1969 na ambao bado unatumika katika nchi kadhaa: darasa hugawanywa katika timu, kanuni tatu au nne huandikwa ubaoni, kila kosa huipa timu alama, na timu zote zilizobaki chini ya kiwango hushinda. Ushindi wenyewe uwe mdogo, kama vile kutangulia kwenda mapumziko. Ukimwona mtu anaivuta timu yake chini kwa makusudi, mtoe awe timu ya peke yake, usiwaache wenzake wakamsubiri getini.

Kuhusu kiboko, wenzako wanajua sheria inavyosema. Kilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, Katiba ya 2010 ikakikataza katika kifungu cha 29, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inaharamisha adhabu ya viboko na mateso ya kiakili, na mwenye kupatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa jela kwa muda usiozidi miezi sita, au yote mawili. Lakini tuache sheria kando, maana najua wapo wanaoamini kwamba sheria yenyewe ndiyo yenye makosa. Tuulize kwa nini kiboko hupendwa. Hupendwa kwa sababu hunyamazisha darasa papo hapo, na ukimya huo ni tuzo kwa mwalimu. Kwa hiyo anayefunzwa na kiboko kwa uhakika zaidi ni yule anayekishika. Mtoto hujifunza kumwogopa mwalimu fulani katika chumba fulani. Mwanasaikolojia Albert Bandura na wenzake, katika jaribio lao la mwaka wa 1961 katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na watoto 72 wa shule ya chekechea, waliona kwamba watoto waliomtazama mtu mzima akimpiga mwanasesere walimpiga vivyo hivyo walipoachiwa nafasi, wengine wakirudia hata maneno yake. Chunguza viranja wa shule ambayo walimu wake bado huchapa kwa siri, utaona wanatumia nini wakati wa masomo ya jioni.

SWALI: Mwanangu yuko kidato cha tatu katika shule ya bweni. Amesimamishwa masomo pamoja na wenzake baada ya mgomo uliovunja madirisha ya bwalo. Nyumbani hapa Kasarani ni mtoto mpole, anafua nguo zake, anaenda kanisani, na hata jirani wameshangaa. Nilipomuuliza kwa nini alirusha mawe alisema «kila mtu alikuwa anarusha». Je, ni mimi niliyekosea malezi, au ni marafiki wabaya?
Baba, Kasarani

JIBU: Baba, pole kwa yaliyokufika. Nakusihi usimwone mwanao wa nyumbani kuwa mwigizaji na yule wa bwalo kuwa ndiye wa kweli. Wote wawili ni yeye. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo hutusaidia kupima matokeo na kujizuia, huendelea kukomaa hadi mtu anapofikisha miaka ya ishirini na kitu, wakati ile inayochangamkia msisimko na sifa za marika huwa tayari imeamka kabisa katika umri wake. Mwaka wa 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg walichapisha jaribio la mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta: vijana wa miaka 13 hadi 16 waliokuwa wakitazamwa na wenzao walijihatarisha zaidi sana kuliko walipokuwa peke yao, ilhali kwa watu wazima kuwepo kwa wenzao hakukubadilisha mengi. Jibu la mwanao, kwamba kila mtu alikuwa anarusha, lilikuwa maelezo sahihi ya kilichotokea, ingawa haliwezi kuwa udhuru.

Nchi hii inajua mgomo unavyoweza kugeuka. Mwezi Machi mwaka wa 2001 wavulana 67 waliteketea katika bweni la Kyanguli, Machakos, katika moto uliowashwa makusudi, na mwaka wa 2016 zaidi ya shule mia moja zilikumbwa na visa vya moto. Kila mara nchi hutafuta wachochezi, na wachochezi hupatikana kweli. Lakini jopo lililoongozwa na Naomi Wangai mwaka wa 2001 kuchunguza utovu wa nidhamu katika shule za sekondari lilikwenda mbali zaidi ya wachochezi, na miongoni mwa mapendekezo yake yalikuwemo kuimarisha huduma za ushauri nasaha. Shule nyingi zilijibu kwa kumpa kazi hiyo mwalimu ambaye tayari ana vipindi vingi, bila kumpunguzia hata kimoja, na chumba chake cha ushauri kikawa stoo ya mipira.

Kusimamishwa masomo nako kuna walakini wake. Kunaipa shule nafasi ya kupumua, jambo ambalo silidharau. Kwa mwanafunzi, hata hivyo, wiki mbili za Kasarani zenye simu, usingizi hadi saa nne na marafiki kwenye baraza la duka haziwezi kumfundisha kukaa bwaloni. Kwa kuwa yuko nyumbani tayari, zitumie. Mtake aandike kwa mkono wake mtiririko wa usiku ule: alikuwa na nani, nani alisema nini kwanza, ni wakati gani angeweza kuondoka na nini kilimzuia. Usimkatize kwa mahubiri anapokusomea. Kisha mjue bei ya vioo alivyovunja, na achangie malipo hayo kwa jasho lake, hata ikiwa ni kuosha magari ya majirani, kwa maana ukilipa yote wewe, kosa litabaki kuwa lako.

Ukimrudisha shuleni usiridhike na kutia sahihi barua ya kuahidi tabia njema. Uliza ni mwalimu gani yuko bwenini kati ya saa mbili na saa nne usiku. Uliza malalamiko ya chakula au mitihani hupitia wapi. Tangu 2009 shule za sekondari zimekuwa zikihimizwa kuwa na mabaraza ya wanafunzi yenye viongozi waliochaguliwa badala ya viranja walioteuliwa na walimu, na ipo tofauti kubwa kati ya baraza linalokutana na mwalimu mkuu kila muhula na lile lililo kwenye ubao wa matangazo pekee. Mzazi ana haki ya kujua mwanawe yuko chini ya lipi.

Kuhusu lawama, malezi yako yanaonekana katika nguo anazofua mwenyewe. Hayakumtayarisha kusimama peke yake mbele ya kundi, na hilo ni somo ambalo wazazi wachache sana hulifundisha, kwa sababu mtoto anayebisha nyumbani huchosha.

SWALI: Mimi ni nyanya ninayelea wajukuu wawili hapa Dagoretti. Mwalimu wa mdogo, aliye Gredi ya 2, huwapa peremende na vibandiko vya nyota kila wakitii. Siku hizi nikimtuma dukani ananiuliza nitampa nini. Huku si kuwafundisha watoto hongo?
Nyanya, Dagoretti

JIBU: Shikamoo, Nyanya. Wasiwasi wako una msingi. Mwaka wa 1973 watafiti Lepper, Greene na Nisbett waliwaahidi cheti watoto wa chekechea waliopenda kuchora, na baadaye wakaona kwamba wale walioahidiwa walichora kwa hiari yao kidogo kuliko wasioahidiwa chochote. Tuzo hufaa kumwanzisha mtoto kwenye jambo asilolipenda au asiloliweza bado, na zinafaa kupunguzwa polepole kadiri anavyozoea. Jambo analolifanya kwa moyo wake halihitaji peremende. Zungumza na mwalimu. Pengine naye anatafuta namna ya kupunguza gharama hiyo, maana mara nyingi peremende hizo hutoka mfukoni mwake. Nyumbani usilipe. Mwambie mjukuu wako umefurahi kwamba amerudi upesi na chenji kamili, na umwachie akuchagulie hadithi ya usiku huo bila kuwa mlikuwa mmepatana. Hongo hasa ni ile peremende anayopewa mtoto dukani ili aache kulia, na hiyo huwa inatoka kwetu sisi watu wazima.

SWALI: Mwalimu wetu wa zamu hutufyekesha nyasi darasa zima kwa kosa la mtu mmoja asiyejulikana. Anasema tutamtaja. Hatumtaji. Je, ni haki?
Mwanafunzi wa kidato cha nne, Buruburu

JIBU: Si haki, binti yangu, na pia haifanyi kazi, kama mnavyomthibitishia kila wiki. Adhabu ya jumla humfanya mkosaji kuwa siri ya darasa badala ya kuwa tatizo la darasa, na wasio na kosa hujifunza kwamba kuwa mwema hakuwapunguzii chochote. Msimgomee mwalimu wala msimjibu uwanjani. Mtumeni mwakilishi wenu kwa mwalimu wa darasa wakati wa mapumziko, akiwa na pendekezo lililoandikwa: kwamba darasa litalipia au kurekebisha kilichoharibika, na kwamba aliyefanya apewe hadi Ijumaa kujitokeza faraghani kwa mwalimu atakayemchagua mwenyewe. Pendekezo hilo lipelekwe kabla ya zamu nyingine ya mwalimu huyo kuanza, wakati hakuna aliyekasirika.